Sikio Zima

Tulimzika Salma kwao Tongoni baada ya sala ya adhuhuri. Tuliporudi kutoka makaburini tukaketishwa kwenye mikeka nyuma ya nyumba, wanaume upande wa kisimani, wanawake upande wa jikoni, katikati yetu ua wa makuti. Nilipewa sahani ya wali na maharage, nikaipakata bila hamu. Ng'ambo ya ua nilimsikia Mwanaidi, mdogo wake marehemu, akipokea mkono wa pole na kurudia maneno yaleyale kwa kila aliyeingia: "Kenda bila kusema neno. Hata neno moja hakutuachia." Kila aliposema hivyo nilitamani kuinuka niende zangu. Jirani yangu mkekani aliniuliza kama moshi wa kuni unaniumiza macho, nikamjibu ndiyo, kwa kuwa sikuwa na nguvu za kumweleza. Mimi na Salma tulimaliza mwaka mmoja wa ujana wetu tukihangaika ili kitu kimoja kisife bila kusema neno. Tulihangaika nacho mpaka tukakonda. Sasa mwenyewe kafa hivyohivyo, na mimi nimekaa na maharage mapajani, mtu mzima mwenye vidonge vya presha mfukoni, nikiona kwamba nimefanyiwa dhihaka.

Mwaka wenyewe watu wa Tanga wataujua kwa mambo yake. Viwanda vilikuwa vimekwisha kufungwa kimoja baada ya kingine, mashamba ya katani yamebadilisha wenyewe, wafanyakazi wanapunguzwa kila mahali, na umeme unakuja kwa mgao, tena kwa maringo. Tuliambiwa soko limefunguliwa, kila mtu ajitegemee, na kila mtu akafungua duka, hata asiye na cha kuuza. Mzee Athumani, fundi wa mitambo ya simu aliyepunguzwa kazini, alichukua kiinua mgongo chake chote akafungua kampuni ya mtandao katika sebule ya nyumba ya Kiswahili pale Ngamiani. Mbele, kwenye kompyuta zetu chache, watu walikuja kuwaandikia watoto wao walioko nje na kuomba kazi ambazo hazikuwapo. Nyuma, katika chumba kisicho na dirisha, ndipo nilipokaa mimi na mashine zinazovuma, na ukuta wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mwenye nyumba, Bi Dija, akisuka ukili wa mikeka uani na wenzake, nilisikia hata wanapomeza mate. Nilikuwa kijana wa Muheza niliyesoma kompyuta kidogo chuoni na kidogo zaidi peke yangu, mwenye kiburi cha kutosha wawili.

Kutoka Ngamiani tuliwarushia watu wa Mwera mtandao kwa redio. Kule tulikuwa na mashine moja, yenye betri kubwa za kuivusha kwenye mgao, imefungwa katika chumba cha stoo nyuma ya zahanati, na mashine hiyo ndiyo iliyohudumia zahanati, shule na ofisi ya shamba la katani. Mtunzaji wake alikuwa Salma. Alikuwa na talaka, sauti nzito, na tabia ya kukutazama usoni mpaka umalize uongo wako. Jioni aliuza barafu za ubuyu kwa mama yake mdogo alikokuwa akikaa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mashine ya Mwera ilipoanza kufa. Ilikaa siku kadhaa ikifanya kazi yake, kisha ghafla kimya. Shule inalalamika, zahanati inalalamika, Salma anakwenda stoo, anabonyeza swichi, mashine inaamka kana kwamba haikuwa na neno. Nami nikifungua kumbukumbu zake nitafute sababu, nakuta maandishi yamekatika katikati ya mstari. Hakuna malalamiko, hakuna kosa, hakuna chochote.

Mzee Athumani aliangalia yale maandishi yaliyokatika, akavua miwani. "Bwana mdogo," aliniambia, "mie nimekaa na mitambo tangu hujazaliwa. Mtambo unaoumwa hulalamika. Mtambo usiolalamika umechomolewa waya." Siku ya pili yake nilisikia ukutani nani aliyechomoa. Bi Dija na wenzake walikuwa wanasuka, na mmoja aliyetoka Mwera akawa anasimulia kwa raha zake: yule mtalaka ana friji ndani ya chumba cha mashine, joto likizidi anachomoa mashine ya tajiri, anachomeka friji, barafu zinaganda kwa umeme wa watu. Wakacheka. Mzee naye alikuwa ameyasikia, kwa sababu wiki hiyohiyo alipanda pikipiki mpaka Mwera, akaingia stoo, na kweli akakuta friji. Friji ilikuwa ya zahanati, ya kuhifadhia chanjo, lakini alipoiona alikuwa amekwisha kuamini. Akatoka akasimama kwenye baraza ya zahanati, mbele ya wagonjwa na kina mama wenye watoto mgongoni, akamwita Salma mwizi wa umeme.

Sikuwapo. Nilisimuliwa na Salma mwenyewe kwa simu, kwa ile sauti yake nzito, bila kilio. "Kaka Mhina, kazi nitapata nyingine au sitapata, hilo la Mungu. Lakini neno lile kalisema barazani. Hapa Mwera mwanamke akishaitwa mwizi, hata chumvi haazimwi. Nataka alifute palepale alipolisema. Weye unazijua mashine. Iulize inakufa na nini." Nikamwambia haisemi. Akasema, "Basi ifundishe kusema." Mzee alikuwa amempa mpaka Idi. Ikifika Idi na sababu haijulikani, atoke, na jina lake litoke naye hivyo hivyo lilivyopakwa matope.

Nitaeleza tatizo kama nilivyomweleza yeye, kwa sababu alilielewa upesi kuliko walimu wangu. Ndani ya kompyuta kuna programu moja iliyo chini ya zote, kiini chake, inayoamrisha kila kitu. Programu nyingine ikifa, kiini huandika kilichotokea. Kiini chenyewe kikifa, hakina tena uwezo wa kuandika kwenye diski. Kinachoweza ni kutapika maneno machache kwenye kioo cha kompyuta, kisha basi. Stoo ya Mwera haikuwa na kioo, na hata kingekuwapo, Salma akibonyeza swichi maneno yanafutika. Lakini palikuwa na njia nyingine, nilikuwa nimeiona katika diski za programu alizonipa rafiki wa Dar es Salaam: kiini kinaweza kufundishwa kuyatupa yale maneno ya mwisho kwenye waya, moja kwa moja, kwenda kwa kompyuta ya pili iliyokaa inasikiliza. "Kama mtu anayekata roho," Salma alisema, "lazima pawe na mtu kitandani wa kumsikia." Nikamwambia ndiyo, lazima pawe na sikio. Jina likabaki hapo. Kompyuta ya kusikiliza tukaiita sikio.

Sikio la kwanza lilikuwa kompyuta ya mapokezi ya zahanati. Niliweka anwani yake, nikawasha mashine upya, nikasubiri kwa furaha. Mganga akahamisha kompyuta ile kwenda chumba cha dawa, ikapata anwani nyingine, mashine ikafa, maneno yake yakaenda mahali pasipo na mtu. Tukahamishia sikio shuleni. Mashine ilipokufa tena, umeme wa shule ulikuwa umekatika na sikio limelala. Na hapa ndipo palipokuwa na uchungu wote: anwani ya sikio kiini kiliisoma mara moja tu, kinapowashwa. Ukitaka kuibadilisha, uzime mashine uiwashe upya. Ukishaiwasha upya, ugonjwa wenyewe unaanza kuhesabu siku zake mwanzo, kwa maana haukuja mpaka mashine ikae imewaka kwa muda mrefu. Kila tulipolisogeza sikio, tulimfukuza mgonjwa kitandani. Ramadhani ikaandama, na sisi hatuna hata neno moja.

Nilikata tamaa namna ambayo sijapata kukata tena, na nimepata sababu nyingi tangu hapo. Nilikuwa naamka nimechoka. Mgao ukichukua umeme asubuhi nakaa gizani nikisikiliza ukili unavyokwaruza uani, nikimchukia kila mtu: Mzee kwa ukaidi wake, Bi Dija kwa kicheko chake, mganga kwa kuhamisha meza, mimi mwenyewe kwa kusoma nusunusu. Mchana, mji mzima umefunga, mimi Mlutheri nilijifungia chumba cha mashine nikala bada baridi, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa papa wa jana, nikihisi kama naiba. Hatimaye niliona kwamba hakuna njia ila kukifungua kiini chenyewe. Ilibidi nitengeneze mlango wa kukisemesha kikiwa hai: ukiambie sikio limehama, nacho kisikie bila kuzimwa. Nilivyojua kazi ile ilikuwa ya watu wenye vyuo na mishahara. Lakini Idi haikuwa inangojea watu wenye vyuo.

Mara ya kwanza nilitengeneza mlango wa mstari mmoja. Ilibidi uandike yote kwa mfululizo, anwani ya sikio, namba ya mlango wa sikio lenyewe, alama ya kadi ya mtandao, nukta na mikwaju katikati. Nilimsomea Salma kwa simu, laini inakwaruza, jogoo wa zahanati anawika. Aliandika nukta mahali pasipo nukta, kiini kikakataa mstari wote bila kusema wapi amekosea. Tulirudia mpaka vocha ikaisha. "Kaka Mhina," alisema nilipompigia tena, "mtoto halishwi chungu kizima. Nipe tonge tonge." Nilikasirika, kisha nikaona ana haki. Nikavunja mstari ule. Nikatengeneza folda inayoitwa sikio, ndani yake vifaili vidogo, kila kimoja na jambo lake: kimoja cha anwani, kimoja cha mlango, kingine cha kuwasha na kuzima. Ukitaka sikio jipya unaunda folda mpya. Ukitaka kujua hali, unafungua kifaili unasoma. Tena nikaweka mwiko: sikio likiwa linafanya kazi, anwani haibadiliki, sharti kwanza ulisimamishe, ubadilishe, ndipo uliruhusu tena. Nilijivunia mwiko ule hasa.

Mzee Athumani alipoona majina niliyoyaweka kwa Kiingereza alikunja uso. Kule mtamboni, alisema, swichi ziliandikwa lugha za watu na mafundi walibonyeza kwa kubahatisha. Hapa kwake kila kitu kiwe Kiswahili. Kifaili cha mwisho alikipa jina mwenyewe. Swichi kubwa ya mtambo wake wa zamani ilikuwa na kibao kilichoandikwa ZIMA, nacho mafundi walikipenda kwa ufupi wake. Moja maana yake zima. Sifuri maana yake usizime. Nikaandika hivyo. Nilimpigia Salma nikamtajia vifaili vyote, akaviandika, akaweka anwani, akaweka mlango, tukaagana. Baadaye kidogo alinipigia mwenyewe kuniambia kamaliza. "Sikio zima, kaka. Nimeweka moja." Nilikuwa nakimbizana na mteja aliyebandua kitufe cha kompyuta. Nikamwambia vizuri sana.

Mashine ilikufa Ijumaa, watu wakiwa msikitini. Nilipiga simu zahanati, nikamwambia Salma asome kilichoandikwa kwenye sikio. Akaniambia hapana kitu. Nikamwambia aangalie tena. Hapana kitu. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Baada ya mashine kuwashwa, akanitaka nimwoneshe mpangilio ulivyokuwa, na kwa kuwa niliweka kila badiliko lijiandike, nikamwonesha: sikio, zima, moja. Mtu amelizima sikio. Mzee hakupaza sauti. "Unaona," aliniambia. "Nani azime sikio, kama si mwenye jambo asilotaka lisikike? Sikio la kufa halisikii dawa. Mwite aje achukue haki yake." Lililoniumiza ni kwamba kwa muda, kwa kitambo kifupi pale mbele ya kioo, na mimi niliamini.

Salma alikuja Ngamiani kesho yake asubuhi, kavaa baibui lake jeusi, vumbi la Mwera miguuni. Alipita barazani kwa Bi Dija na wasukaji wake, akatoa salamu, ikaitikiwa kwa shida. Akamwambia Mzee shikamoo, Mzee akaitikia marahaba akiangalia ukutani. Nilimgeuzia kioo. Mzee akasema, "Soma mwenyewe ulichokifanya." Akasoma kwa sauti, taratibu, kama asomaye mbele ya hakimu: "Sikio. Zima. Moja." Akatutazama. "Ndiyo, ndicho n'lichoandika. Sikio zima. Nililijaribu, likawa zima, nikaandika moja. Mlitaka niandike bovu?" Mzee akasema, zima, yaani zima, kama taa. Salma akasema, "Taa huzimwa, mzee. Sikio likiwa zima halina kilema. Nani kakufundisha kuzima sikio?" Kisha akageuka akafungua mlango wa uani. "Bi Dija, n'kikwambia sikio zima, utaelewa nini?" Bi Dija, ambaye hakumpenda hata kidogo, hakuacha kusuka. "Nitaelewa huyo mtu si kiziwi," alisema. "Kwani nyie mwasemaje huko ndani?"

Kama haya yangekuwa hadithi, Mzee angeomba radhi papo hapo. Hakuomba. Alikuwa mtu aliyepoteza kazi yake, anaona na kampuni inamponyoka, na mtu wa namna hiyo hushikilia alichokwisha kusema kwa kuwa hana kingine cha kushika. Alisema neno linaweza kuwa na maana mbili, lakini waya una maana moja, na waya ulichomolewa. Mpaka Idi, kama alivyosema. Akaenda kuswali. Salma akaketi kwenye kiti cha mteja. Nilikuwa nimeficha bada langu chini ya meza, na harufu ya papa ikawa imejaa chumba. "Kula, bwana," aliniambia bila kunitazama. "Kufunga nimefunga mie. Ukila utafikiri vizuri." Nikala mbele yake, kwa aibu, na tukaanza upya.

Siku ile ndiyo niliyojifunza kazi yangu. Yote niliyofanya baadaye maishani yametoka pale. Salma alitaka kila jina lisomeke na mtu aliyesimama, aliyechoka, ambaye hakuwapo wakati jina linatungwa. "Usiniandikie neno," alisema. "Neno moja lina wenyewe wengi. Niandikie sentensi." Kifaili cha zima tukakifuta, mahali pake tukaweka kinachoitwa linasikia. Sikio, linasikia: moja. Sikio, linasikia: sifuri. Hata Bi Dija asingeweza kukosea. Kisha akasema hata hilo halitoshi, maana mtu anaweza kusema anasikia na yuko mbali kwa mawazo. Wanaume, alisema, wanafanya hivyo kila siku. Kwa hiyo tukaongeza kifaili cha mwisho kinachoitwa hodi. Ukiandika chochote humo, kiini kinatuma neno hodi kwenye waya, na kompyuta ya sikio ikilipata inarudisha karibu. Pasipo karibu, hakuna sikio, hata kama vifaili vyote vinasema lipo. Tulilijaribu pale pale kati ya mashine zangu mbili. Karibu ilipotokea kwenye kioo, Salma alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesahau kinavyochekwa. Akaondoka na programu mpya kwenye diski ndani ya mkoba, ameifunga kwa kanga.

Baada ya hapo palikuwa na kungoja tu, na kungoja ndiko kulikoniua. Mashine haikufa. Ilipotakiwa kufa, ikaamua kuwa na afya. Siku zikapita, watu wa Ngamiani wakaanza kununua nguo za watoto, cherehani zinalia mtaa mzima, na mimi nikiomba Mungu mashine yangu mwenyewe iharibike. Kompyuta ya mapokezi ilihamishwa tena. Salma akalisimamisha sikio, akabadilisha anwani, akaliruhusu, akabisha hodi, akakaribishwa, na mashine haikulala hata dakika. Umeme wa zahanati ulipopatwa na mgao, akalihamishia ofisi ya shamba lenye jenereta, wateja wakiendelea kuandika barua zao bila kujua lolote. Kila alipomaliza alinipigia. Hakusema tena zima. Alisema, "Linasikia." Nami niliuliza, "Umebisha?" Naye hujibu, "Nimekaribishwa." Tulifanya hivyo kwa uangalifu, na Idi inakuja.

Ilikufa mchana, imebaki siku moja mwezi kuandama. Salma alipiga simu na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kaka Mhina. Kimesema." Hakujua Kiingereza kile, na mtu yeyote asingekijua, ni namba na majina ya vipande vya programu. Akanisomea herufi moja moja. Katikati nikamtaka angoje, nikamwita Mzee kutoka barazani, nikampa mkono wa simu. "Msomee Mzee," nilimwambia. Akasoma tena toka mwanzo. Mzee aliandika kwa mwandiko wake wa fundi, herufi kubwa, bila kuuliza swali, mstari baada ya mstari. Yalikuwa marefu. Kiini kilikuwa kimeeleza kwamba programu ya kadi ya redio ilikuwa inaomba nafasi ya kumbukumbu na hairudishi, kila siku kidogo, mpaka imekwisha, na kwamba haya ni maelezo ya kilichotokea, na haya, na haya. Nilikuwa nataka kumwonesha Mzee mahali penye kosa, lakini hakuwa anapatazama. Alikuwa anatazama urefu wa maandishi yake mwenyewe. "Kasema yote haya?" aliniuliza. "Kabla ya kufa?" Nikamwambia ndiyo. Akaweka kalamu. "Mtambo uliochomolewa waya," alisema polepole, "haupati muda wa kusema yote haya."

Alikwenda Mwera siku ileile kwa pikipiki, na safari hii nilikaa nyuma yake, nimeshika fremu, jua la alasiri kali. Barazani palikuwa na kina mama wachache na mzee mmoja mwenye bendeji. Mzee Athumani hakungoja wawe wengi. Alimwita Salma, akasimama pale alipokuwa amesimama siku ile, akasema kwa sauti ya kutosha: "Nilisema hapa, na hapahapa nafuta. Binti huyu hakuchomoa waya. Mashine ilikuwa mbovu, na sikio bovu lilikuwa langu. Nisamehe, mwanangu." Salma alikuwa akilia tangu aliposikia pikipiki, uso mzima maji, lakini sauti haikumtoka hata kidogo. Akasema, "Nimesikia, mzee." Basi. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa barafu za ubuyu, akampa. "Zitayeyuka kabla ya futari. Lakini chukua." Mzee alizibeba mpaka Ngamiani, zikimdondokea miguuni nyekundu nyekundu, hakuzitupa.

Kampuni haikuishi. Nilitengeneza programu ya redio, mashine ikaacha kufa, lakini simu za mkononi zikaja na kuwachukua wateja, na sebule ya Bi Dija ikageuka duka la vitenge. Mzee amekwisha kutangulia. Kazi ile ya sikio iliishia kwenye mashine yetu moja. Watu wenye vyuo, mbali huko, walikuja kutengeneza ya kwao, nzuri zaidi, na wala hawakujua kama sisi tulikuwapo. Mimi nilikwenda kufundisha. Salma alirudi Tongoni. Hatukuoana, kwa wale watakaouliza. Lakini miaka yote hii simu zetu zilianza namna moja. Mimi huuliza, "Mzima au zima?" Naye hujibu, "Linasikia." Ndipo najua yu salama, tunaendelea na habari nyingine.

Alasiri ile matangani watu walipopungua nilimwendea Mwanaidi kumpa mkono. Akaniambia yale yale, kenda bila kusema neno. Kisha, kwa kuwa alijua nilikuwa mtu wa dada yake, akaongeza: "Asubuhi n'limwuliza, dada, waonaje? Kasema, mzima. Akajilaza. Ndiyo hivyo." Nikamwuliza kama alisema mzima tu. "Mzima tu," alisema. Wiki iliyotangulia mimi mwenyewe nilikuwa nimempigia. Nilikuwa sokoni, nimeshika samaki kwa mkono mmoja, mwenye samaki ananingoja. Nikamwuliza kama siku zote, mzima au zima. Akajibu, "Mzima, kaka." Niliona kwamba hakusema linasikia. Niliona, wallahi, hata nikasimama kidogo. Kisha nikamwambia tutaongea vizuri jioni, nikalipa samaki, na jioni sikupiga.

Nilimwambia Mwanaidi kwamba dada yake alisema neno. Akanitazama usoni, kwa macho yaleyale ya familia ile, akingoja nimalize, niseme ni neno gani, nami sikuweza.